Mwovu Ajulikane kwa Tendo, Si kwa Macho Yake

Kila hadithi ina mwovu wake. Fisi ana tamaa, zimwi lameza watoto, mama wa kambo amnyima yatima chakula, mfalme dhalimu awatesa raia. Hadithi isiyo na mwovu ni kama mboga isiyo na chumvi: mtoto huisikiliza kidogo, kisha husinzia. Ndiyo maana wazee wetu wa Unyamwezi, walipoketi na watoto jioni penye moto, hawakukosa kumtia mwovu katika masimulizi yao.

Siku hizi hadithi zinawafikia watoto kwa njia nyingine pia. Ziko katika simu za kupangusa, katika mabanda ya video, na katika michezo ya video ambayo vijana huiita gemu. Wazazi wengi huuliza, “Je, michezo hii ni mizuri au mibaya?” Swali hilo ni pana mno. Leo tutazame jambo moja tu ndani yake, nalo ni huyu mwovu. Hutungwaje? Naye anawafundisha nini watoto wetu?

Usidhani kwamba hili ni jambo dogo la kuchekesha tu. Katika nchi yetu hii ya Tabora na mikoa jirani, namna ya kumchora mwovu imekwisha kugharimu roho za watu. Nitaeleza mbele kidogo. Kwanza tuitazame michezo yenyewe.

MICHEZO ILIYO KAMA HADITHI

Michezo ya video si ya namna moja. Mingine ni ya mpira, mingine ya magari, mingine ya kupanga vitu tu. Lakini iko aina moja iliyo kama hadithi ndefu. Mchezaji huchukua nafsi ya mtu fulani, pengine mwana wa mfalme, pengine askari, pengine mganga, akamwongoza katika nchi ya kubuni yenye majoka, majini na mazimwi. Njiani hukutana na watu, huzungumza nao na kuchagua la kujibu. Hununua silaha, huongezeka nguvu kidogo kidogo, na mwisho hupambana na adui mkuu.

Michezo hiyo ilianzia mezani, kabla ya kuingia katika mitambo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Marafiki huketi pamoja. Mmoja wao ndiye msimulizi, na wenzake kila mmoja hujifanya mtu wa hadithi. Hurusha dadu ili kujua kama pigo limempata adui au limekosa. Kwetu sisi jambo hilo si geni sana, maana msimulizi wa kijijini naye huwataka wasikilizaji wake waitikie, wacheke na waingie wenyewe katika masimulizi.

Sasa, katika mchezo huo waliwekwa viumbe waitwao orki. Hao walielezwa kuwa ni waovu taifa zima. Mchezaji akimwona mmoja wao hakuwa na haja ya kuuliza alitenda nini; alichomoa upanga tu. Michezo mingi ya video iliyofuata ilirithi desturi hiyo. Mtunzi mwenye haraka humpa adui wake meno marefu, humtia macho mekundu yanayowaka, humpa sauti ya kukwaruza, na hapo huona kwamba amekwisha kumweleza. Mtoto naye haambiwi adui huyo anataka nini, wala amemkosea nani. Anaambiwa, “Mpige.”

Mwishowe hata wenye mchezo waliona kasoro hiyo. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, inayotoa Dungeons & Dragons, ilikubali kwamba baadhi ya viumbe wake walikuwa wameelezwa kwa maneno yanayofanana mno na yale yaliyotumika kuwadharau watu halisi wa mataifa mengine. Ikaahidi kwamba tangu hapo wataandikwa kama watu wenye hiari ya kuchagua mema au mabaya.

MACHO MEKUNDU

Pengine utasema, “Hayo ni ya Wamarekani. Sisi wa Usinge yanatuhusu nini?” Yanatuhusu sana, ndugu msomaji.

Kwa miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu walidhaniwa kuwa wachawi. Na alama iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa nini? Macho mekundu. Mama aliyepikia watoto na wajukuu wake miaka hamsini, kwa kuni mbichi au kwa samadi kavu ya ng’ombe, katika jiko lisilo na dirisha, atakosaje kuwa na macho mekundu? Moshi wa ugali tuliokula ndio uliomharibia macho, nasi tukayatumia macho yale yale kuwa ushahidi wa kumhukumu.

Siwezi kusema kwamba hadithi peke yake ilishika panga. Wauaji walikuwa na sababu zao. Pengine palikuwa na shamba ambalo mama mjane alikataa kuliacha. Pengine palikuwa na urithi. Pengine mtoto alikufa kwa ugonjwa, baba akaenda kwa mpiga ramli, naye mpiga ramli akamwonyesha jirani. Lakini tazama jinsi hadithi ilivyowasaidia. Kijiji kilikuwa kimekwisha kusikia, tangu utotoni, habari za bibi kizee mwenye macho mekundu aishiye peke yake na kula watoto. Basi alipotajwa bibi kizee wa kweli, kila mtu alidhani kwamba anamjua. Watu walitazama macho yake, wala hawakuuliza habari za shamba lake.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingali inatumika katika nchi yetu, nayo inakataza kumtangaza mwenzako kuwa mchawi. Hata hivyo sheria hukaa mahakamani, na hadithi hukaa nyumbani. Ndiyo sababu kazi hii ni yetu sisi wazazi na walezi kabla haijawa ya askari.

MIRAMBO, MTU MMOJA MWENYE HADITHI MBILI

Tuchukue sasa mfano wa hapa hapa petu. Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani ikapita Tabora na kwenda Ujiji, ilivuka nchi hii ya magharibi. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kupita hapa Usinge, inafuata mwelekeo ule ule. Na upande huu wa Urambo ndipo alipotawala Mtemi Mirambo. Kila mtoto wa Tabora amesikia jina hilo. Lakini je, Mirambo alikuwa mwovu au shujaa?

Itategemea utamwuliza nani. Mwaka 1871 Mirambo aligombana na Waarabu wa Tabora kwa ajili ya njia, hongo ya misafara na biashara ya pembe za ndovu. Akaifunga njia ya Ujiji. Mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, alikuwa Tabora wakati huo, katika safari ya kumtafuta Dk. Livingstone. Akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo, nao wakashindwa vibaya. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo watu wa Mirambo waliingia Tabora, wakachoma nyumba, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka mbali kwa kusini ndipo afike Ujiji. Basi katika maandiko yake ya wakati ule, Mirambo ni mnyang’anyi na mharibifu wa nchi.

Miaka mitano ikapita. Mwezi wa Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso. Alimtazamia jambazi mkali, naye akakuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya upole na adabu njema. Wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Stanley huyo huyo akamfananisha na Napoleon, mfalme wa Wafaransa. Mwaka 1879 daktari wa misheni ya London, Ebenezer Southon, alikuja kukaa Urambo chini ya ulinzi wa Mirambo. Naye Mirambo alifariki Desemba 1884. Baada ya Uhuru J. B. Kabeya aliandika kitabu cha Kiswahili kinachomsifu kuwa mtawala shujaa, na leo shule ya sekondari na kambi ya jeshi mjini Tabora zina jina lake.

Je, macho ya Mirambo yalibadilika kati ya 1871 na 1876? La. Aliyebadilika ni msimulizi. Alipokuwa upande wa pili wa bunduki, alimwona zimwi. Alipoketi naye, alimwona mtu.

Lakini tusiishie hapo, maana iko hatari nyingine. Tusimgeuze Mirambo kuwa malaika. Rugaruga wake walichoma vijiji na kuteka watu, na mama mkulima aliyekimbilia porini na mtoto mgongoni hakumwita shujaa. Vilevile, aliyekamatwa na kufungwa mnyororo na wafanya biashara wa misafara hakuwa na sababu ya kuwaita wale waungwana. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alijiandikia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Humo yeye ni mfanya biashara hodari na mshindi wa vita. Wale aliowashinda wangeandika wao, kitabu kingekuwa kingine kabisa.

Hapa pana fundisho kubwa kwa mtunzi yeyote, awe wa kitabu, wa mchezo wa kuigiza, au wa gemu. Mwovu hajioni kuwa mwovu. Katika hadithi yake mwenyewe, yeye ndiye mwenye haki. Mtunzi hodari hukumbuka hilo na kumwacha aseme, kisha huyaweka matendo yake wazi mbele ya wote ili yapimwe.

WATUNZI WALIOFAULU

Mwandishi wetu Shaaban Robert alilijua hilo. Katika kitabu chake cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, yamo majini, wanyama na miujiza, kama ilivyo katika michezo hii ya leo. Lakini waovu wake si mazimwi kutoka mbali. Ni ndugu wa damu wa Adili, waitwao Hasidi na Mwivu. Hawana pembe kichwani. Ubaya wao umo katika majina yao: husuda na wivu. Adili aliwatendea mema, nao wakamtupa baharini kwa sababu ya kumwonea wivu. Adhabu yao ikawa kugeuzwa manyani, na Adili akalazimishwa kuwapiga kila usiku. Alilia akiwapiga. Hakufurahia, maana ni ndugu zake. Na mwisho wakasamehewa, wakarudishiwa ubinadamu wao. Angalia mpango ule: kwanza tendo baya, kisha sura ya mnyama. Watunzi wabaya huanza na sura ya mnyama, na tendo hawalitaji.

Wako na watunzi wa gemu waliofaulu namna hiyo. Mwaka 2015 Mmarekani Toby Fox alitoa mchezo uitwao Undertale. Mtoto huanguka katika nchi ya chini ya ardhi wanamokaa mazimwi, ambayo yalifungiwa humo na wanadamu baada ya vita vya zamani. Mchezaji anaweza kuyaua. Lakini pia anaweza kuzungumza nayo, kuyachekesha, kuyahurumia, na kumaliza mchezo wote bila kuua hata moja. Mfalme wao, Asgore, anakusanya roho za wanadamu wanaoanguka kule, ili apate nguvu ya kulifungua gereza la watu wake. Jambo hilo ni ovu, na mchezo hausemi vingine. Lakini mchezaji hugundua kwamba mfalme huyo alifiwa na watoto wake, na kwamba alitangaza vita akiwa katika uchungu wa msiba. Mchezaji akifika mbele yake, mkono huwa mzito.

Na huku kwetu Afrika, kampuni ya Kiro’o Games ya mjini Yaoundé, nchini Kameruni, chini ya Olivier Madiba, ilitoa mwaka 2016 mchezo wa namna hii uitwao Aurion. Shujaa wake ni Enzo, mwana wa mfalme. Siku ile ile ya kutawazwa na kuoa, anapinduliwa. Na nani? Na shemeji yake, ndugu wa mke wake Erine. Enzo na Erine wanatoka nchini na kusafiri, wakitafuta nguvu waliyoachiwa na wahenga ili wakirudishe kiti. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu yeyote aliyewahi kuona ndugu wakigombania shamba la marehemu baba yao ataielewa hadithi hiyo bila kufasiriwa.

“JE, HUKO SI KUMPAMBA MWOVU?”

Baba mmoja anaweza kusema, “Ukimweleza mtoto sababu za mwovu, utamfanya ampende.” Hoja hiyo ni ya haki, nami sitaki kuipuuza. Wapo watunzi wanaompamba mwovu hata watoto wakatamani kuwa kama yeye, kwa sababu ana nguvu, ana nguo nzuri, wala haogopi mtu. Huko ni kupotosha.

Lakini kueleza sababu ni jambo moja, na kutoa ruhusa ni jingine. Daktari akikueleza jinsi malaria inavyoingia mwilini, hakuisifu malaria. Amekufundisha kutumia chandarua. Mtoto aliyeelezwa kwamba Mwivu alianza kwa kununa ndugu yake aliposifiwa, ataweza kuutambua mnuno huo moyoni mwake siku ukija. Bali mtoto aliyefundishwa kwamba mwovu ni yule mwenye macho mekundu, atajitazama katika kioo, ataona macho yake meupe, na atajihesabu kuwa mwema hata akiwa na panga mkononi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Basi wazazi, tusiridhike na kuwanyang’anya watoto simu na kuwagombeza. Wakati mwingine kunyang’anya kunafaa, hasa pale kazi ya shule na ya shamba inapoachwa, au pale mchezo unapokuwa wa kumwaga damu tu. Lakini siku nyingine keti na mtoto, mwambie akusimulie gemu lake kama vile wewe ulivyowasimulia wazee hadithi. Kisha mwulize maswali haya manne.

Kwanza, adui huyo alitenda nini? Mtoto akijibu, “Anatisha,” mwambie hilo si jibu, kwa maana kutisha si tendo. Aseme alimwua nani, aliiba nini, alimdanganya nani.

Pili, alitaka nini? Kila mtu ana jambo analolitaka, na mara nyingi jambo lenyewe ni jema: chakula, heshima, watoto wake warudi. Ubaya huingia katika njia aliyoichagua.

Tatu, ni nani aliyeumia, naye amepewa nafasi ya kusema? Hili tusilisahau tukiwaeleza watoto habari za Mirambo, za Tippu Tip, na hata za magomvi ya siku hizi kati ya wafugaji na wakulima, ambayo kila upande husimulia ukiwa wenyewe ndio wenye haki.

Nne, je, alikuwa na njia ya kurudi? Hadithi ambayo ndani yake mwovu hawezi kutubu hata akitaka, si hadithi ya wanadamu.

Na ninyi vijana wa Tabora mnaosoma mambo ya kompyuta, mnaweza siku moja kutunga mchezo wa nchi hii: njia ya misafara, wapagazi wa Kinyamwezi wenye mizigo ya pembe, ngome ya Mirambo, misitu ya miyombo na mizinga ya nyuki. Vitu vya kupendeza viko tele. Nawaombeni tu jambo moja. Mkimweka bibi kizee katika mchezo huo, akiishi peke yake pembeni ya kijiji, na macho yake mekundu kwa moshi, mwacheni mchezaji amkaribie, aingie ndani, aketi na kumsikiliza. Na kama yuko mwenye kumtaka afe, mwonyesheni mtu huyo pia, pamoja na shamba analolitamani.